Kanuni Ibandikwe Kabla ya Majina

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imebandikwa kwa vipande vinne vya skochi kwenye valvu ya jengo la utawala. Aliyesoma kwetu hahitaji kuelezwa valvu ni nini: ni ule ubao wa matangazo ambapo maisha yote ya chuo hupita, ratiba, matokeo ya mitihani, majina ya wanaodaiwa, kifo cha profesa. Jana yake jioni nilikuwa nimesimama mbele ya ubao huohuo, na kanuni za uchaguzi wa kamati ya wanafunzi zilikuwa na masharti sita. Asubuhi ile yalikuwa saba. La saba lilisema kila mgombea awe amemaliza minervali, yaani ada ya masomo, ya mwaka mzima, awamu zote tatu. Chini ya karatasi iliandikwa tarehe ya wiki mbili nyuma. Niligusa muhuri kwa kidole cha shahada, kidole kikatoka na rangi ya zambarau.

Tulikuwa wanne tunaogombea urais wa kamati. Watatu walikuwa wamemaliza kulipa. Mimi nilikuwa nimelipa awamu mbili, na ya tatu mama alikuwa bado anaitafuta, kopo kwa kopo, kwenye meza yake ya unga katika soko la Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya ya kwetu ni komini, yaani wilaya, ya mji wa Lubumbashi, Kongo, iko jirani na Katuba na Kamalondo.)

Vyuo vya hapa Lubumbashi ni vingi na changu sitakitaja, maana shida si chuo kimoja. Ninachotaka kukizungumzia ni lile sharti la saba. Nimekaa nalo miaka mingi moyoni.

Lenyewe, ukilisoma peke yake, si sharti baya. Wapo wanaosema kwamba mwanafunzi anayedaiwa hawezi kuingia ofisi ya wakuu akawatetea wenzake, kwa sababu watamfungulia daftari la madeni naye atanyamaza. Hoja hiyo ina uzito na sijawahi kuidharau. Sharti lingebandikwa mwanzoni mwa mwaka, kabla mtu yeyote hajaweka dosie, yaani faili lake la kugombea, ningelitii. Mjomba wa Likasi angekopwa, au ningemwachia nafasi mwenzangu wa promosyo, yaani wa darasa langu, na kumpigia kampeni. Lakini lilibandikwa siku ya tatu baada ya kufungwa kupokea madosie. Majina manne yalikuwa yamelala mezani, na katika ofisi ile kila mtu alijua nani amelipa nini. Kanuni iliyoandikwa saa hiyo imekwisha kupiga kura.

Nilikwenda kwa apariteri, afisa wa chuo anayeandikisha wanafunzi. Hakuwepo, alikuwepo mzee mmoja wa ofisi yake, mtu mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea barua na kugonga muhuri. Nikamwonyesha kidole changu. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Papa, huu muhuri umegongwa lini?"

"Mwana wangu," akasema, "mi niko muhuri tu. Si mi naandika."

Niliandika rufaa kwa nakala mbili, moja ya kwao na moja ya kwangu. Ya kwangu mzee aliigonga vizuri, akaandika tarehe na saa kwa mkono wake, na kwa hilo namshukuru hadi leo, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki kuthibitisha kwamba nilidai. Rufaa ilipelekwa kwa kamisheni ya uchaguzi. Kamisheni ndiyo iliyoweka sharti. Waswahili wameshalisema hilo la kesi ya nyani na ngedere, nami sina cha kuongeza. Jibu nililipata kwa mdomo, kwenye ngazi, kutoka kwa mjumbe mmoja aliyekuwa anakimbilia mtihani.

Nilipomweleza mama, hakuumia kama nilivyotegemea. Aliendelea kuchekecha unga.

"Ni Mungu amekusaidia. Juu ya nini ulitaka kuingia mu ile mambo? Bale bana ba kampusi, mwaka ya tisini, ni nani alibarudisha kwabo?"

Kwa watu wa umri wake hapa mjini, "mwaka ya tisini" ni jina la usiku mmoja. Aprili 24, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia kampusi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi katika mabweni yao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, na uhusiano wake na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ukaharibika. Lakini mama hakuzungumzia Ubelgiji. Alizungumzia wazazi aliowaona wakitembea kutoka mtaa hadi mtaa wakiuliza majina.

Na kabla ya hapo kuna mengine. Mwaka 1961, uhuru ukiwa haujamaliza mwaka, wanafunzi wa nchi hii walianzisha muungano wao, UGEC. Machi 1964 wale wa chuo kikuu cha Lovanium kule Kinshasa waligoma wakidai, pamoja na mengine, kushirikishwa katika uongozi wa chuo. Walidai kukaa mezani, si kupewa chakula kizuri tu. Mwaka 1968 UGEC ikapigwa marufuku, ikabaki JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Juni 4, 1969 maandamano ya wanafunzi Kinshasa yalipigwa risasi. Juni 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao wakakusanywa na kuingizwa jeshini, na mwaka huohuo vyuo vikuu vyote vitatu vikafungwa katika gunia moja, chuo kikuu kimoja cha taifa kilichoitwa UNAZA. Cha Lubumbashi kilibaki kampusi tu hadi 1981.

Nayaeleza haya kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba kamati ya wanafunzi ni mchezo wa suti na picha. Kwa muda mrefu nchini mwetu mwakilishi wa wanafunzi alitoka juu akashuka, hakutoka chini akapanda. Chuo kikizoea hivyo, hata uchaguzi ukirudi, mkono wa juu hubaki ndani yake kwa njia ndogondogo. Hautapiga marufuku kitu tena. Utaongeza mstari kwenye karatasi usiku.

Miaka miwili baadaye nikawa finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kwetu finalisti hagombei, kwa sababu muhula wa kamati ni mwaka mmoja na yeye anaondoka katikati. Basi wanafunzi wakaona hawa wasioweza kugombea ndio wasimamie, na nikachaguliwa na promosyo yangu kuingia katika kamisheni. Tulikuwa saba. Sikuingia kwa kulipiza kisasi. Aliyenishinda bila kushindana alikuwa amekwisha maliza na tulikuwa tunasalimiana vizuri. Niliingia na jambo moja kichwani, na lilipofika zamu yangu ya kusema nililisema: mstari wa kwanza kabisa, kabla ya masharti, kabla ya tarehe, useme kwamba kanuni hizi hazibadiliki tangu siku zinapobandikwa hadi siku kamati mpya inapokabidhiwa ofisi.

Mjumbe mmoja akauliza, je, tukigundua kosa? Swali zuri. Tulilizungusha jioni nzima. Tukakubaliana kwamba kosa likionekana, litaandikwa kwenye ripoti ya mwisho na litarekebishwa na kamisheni ya mwaka ujao. Mwaka huu tutabeba kosa letu. Ni afadhali kanuni yenye kasoro inayowapiga wote sawasawa kuliko kanuni nzuri iliyonolewa kwa ajili ya shingo moja.

Halafu tukaitafutia ulinzi, kwa kuwa mstari wa karatasi haujilindi wenyewe. Kurasa zote nne zilisomwa kwa sauti katika kila promosyo na sepe wao, yaani kiongozi wa darasa. Kila sepe alitia sahihi nakala yake na kukaa nayo. Siku ya kubandika tuliwaita wanafunzi wapige picha valvu kwa simu zao. Siku hizi hata mwenye simu ya kioo kilichopasuka anaweza kuwa ushahidi. Ofisi ikitaka kubadilisha ukurasa mmoja, italazimika kubadilisha nakala kumi na nne na picha mia.

Juu ya ada tuliandika hivi: mgombea awe amelipa kiwango kilekile kinachomruhusu mwanafunzi yeyote kuingia kwenye mtihani. Asiongezewe mzigo kwa kuwa anagombea. Kuna aliyetaka tuweke dhamana ya fedha, kama wanavyofanya wanaogombea uongozi wa nchi. Mwaka 2023 mgombea urais alitakiwa kulipa faranga za Kongo milioni 160, na hoja ya mwenzetu ilikuwa kwamba fedha huchuja wasiojua wanachotaka. Nilimkatalia na bado namkatalia. Fedha huchuja wasio na fedha. Kama unataka kujua mtu ana nia, mtume akatafute watu. Ndiyo maana tuliweka saini za wadhamini: thelathini, kumi kutoka kila promosyo, katika promosyo tatu tofauti.

Hizo promosyo tatu hazikuwekwa kwa bahati. Wanafunzi wetu wanatoka Kolwezi, Kamina, Kalemie, Kasenga, Mbuji-Mayi. Tangu 2015 Katanga imegawanyika kuwa mikoa minne, na kila mkoa una chama cha wanafunzi wenyeji wake, chenye michango yake ya misiba na sherehe zake. Ni vyama vyema. Kimoja kilimzika mwenzetu kwa heshima ambayo chuo hakikumpa. Lakini vikiingia kwenye uchaguzi, kura inakuwa sensa ya makabila. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai jirani, walifukuzwa katika majumba yao hapa Katanga, maelfu wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mtu aliyekulia hapa hachezi na kiberiti hicho. Kwa saini za promosyo tatu, mgombea hata angetaka kubaki na watu wa kwao, ilimbidi avuke baraza akaongee na wengine. Kupiga kampeni kwa jina la mkoa au kabila kulikuwa kosa la kufutiwa ugombea, na tuliandika wazi kwamba anayefuta si kamisheni.

Rufaa ndiyo ilikuwa kazi yetu ngumu zaidi, na ndiyo ninayojivunia. Tuliunda baraza la watu watatu: mwalimu mmoja aliyependekezwa na masepe, rais mmoja wa zamani wa kamati, na sepe mmoja aliyepatikana kwa kura ya bahati siku ileile ya kesi. Saa arobaini na nane za kuweka rufaa baada ya orodha ya muda kutoka, saa arobaini na nane za kujibu, na jibu kwa maandishi, lenye sababu. Mwaka ule zilikuja rufaa mbili. Moja ilikataliwa. Nyingine ilikuwa ya binti aliyekuwa ameondolewa na sisi wenyewe kwa kukosa nakala ya matokeo ya mwaka uliopita. Baraza likaona kwamba ofisi ndiyo iliyochelewa kumpa nakala ile, likamrudisha. Tulishindwa, tukabandika karatasi ya kushindwa kwetu kwenye valvu.

Kuhusu mabinti kuna jambo nalisema hapa, ingawa si mahali pake sana. Kila mwaka walikuwa wanapewa nafasi ya mambo ya jamii au ukatibu, na watu walidhani ndivyo wanavyopenda. Tulipokaa nao walituambia sababu ni kampeni za usiku, bweni kwa bweni, hadi saa nne, saa tano. Binti anayelala kwa shangazi yake kule komini ya Ruashi anaifanyaje hiyo? Tukaweka kampeni iwe saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ndani ya chuo tu. Mstari mmoja huo, na mwaka ule mabinti watatu waliweka dosie za nafasi za juu.

Nchi ya Kenya (hii sasa ndiyo nchi) imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya vyuo vikuu ilirekebishwa mwaka 2016, ikasema mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na makamu wake wasiwe wa jinsia moja, na mtu asishike uongozi zaidi ya mihula miwili. Hayo mawili ningeyachukua kesho asubuhi. Lakini sheria hiyohiyo iliwaondolea wanafunzi kura ya moja kwa moja: wanachagua wawakilishi watatu wa kila idara au shule, na hao wawakilishi ndio wanaochagua viongozi. Wanasema inapunguza fujo. Mimi naona inapunguza watu wa kununua. Wanafunzi elfu huwezi kuwanunulia bia wote. Wajumbe thelathini unaweza, usiku mmoja, katika baa moja.

Kampeni yenyewe ilipita kama kampeni zote. Kelele, mabango, ahadi za intaneti.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi. Sanduku lilikuwa katoni ya biskuti, tumeiziba pande zote na kuipasua juu kwa wembe, na kabla ya kuanza tuliigeuza kichwa chini mbele ya mashahidi wa wagombea wote waone hakuna kinachoanguka ila hewa. Jina lilisomwa kutoka orodha ya promosyo, mwanafunzi akaonyesha kadi, akatia sahihi mbele ya jina lake, akapewa robo ya karatasi yenye namba za wagombea. Namba zilipatikana kwa kura ya bahati. Nyuma ya kila karatasi kulikuwa na sahihi mbili za wasimamizi, zilizotiwa palepale, ili asije mtu na karatasi zake kutoka fotokopi ya nje. Simu ziliachwa mlangoni, kwa kuwa anayenunua kura hutaka picha. Aliyemaliza alichovya kidole kidogo kwenye pedi ya muhuri.

Tulihesabu mle mle, hatukuhamisha sanduku hata hatua moja. Hilo lilikuwa kwenye kanuni pia. Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika, na wanafunzi waliokuwa madirishani wakaingiza mikono yenye simu zilizowashwa taa. Mwenzetu mmoja alifungua kila karatasi, akaigeuza waone sahihi za nyuma, akaigeuza tena waone alama, akasoma namba kwa sauti. Mwingine aliandika ubaoni kwa chaki, vijiti vinne na cha tano cha kukata. Vumbi la chaki lilionekana likishuka katika mwanga wa simu.

Ikatoka karatasi moja yenye alama safi kwenye namba tatu na, chini yake, kwa mwandiko mzuri, maneno ya kumshukuru Mungu. Shahidi wa namba tatu alisema ni halali, nia inaonekana. Kanuni yetu ilisema kura yenye maneno au mchoro imeharibika, maana maneno yanaweza kuwa alama waliyokubaliana mnunuzi na muuzaji. Nilimwamini aliyeandika. Nilikuwa na hakika kwamba ni mtu mcha Mungu aliyefurahi siku ile, basi. Tukaiweka kwenye zilizoharibika.

Mwishoni karatasi zilikuwa 143 na sahihi 142.

Kimya kilichoingia mle ndani sitakisahau. Tulihesabu tena. 143. Tukahesabu sahihi, jina kwa jina, vidole vikifuata mstari. 142. Mshindi na wa pili walitofautiana kwa kura nane, kwa hiyo moja haikugeuza chochote, na mtu mmoja dirishani akapaza sauti tuendelee. Shahidi wa aliyeshindwa hakupaza sauti. Alikaa tu akatutazama, na mimi nilijua macho yale, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo mbele ya valvu.

Tukasimamisha kila kitu. Tuliwaita masepe na orodha zao, tukaanza kuuliza mmoja mmoja: nani unakumbuka amepiga na hana sahihi? Sepe wa mwaka wa pili akakumbuka binti mmoja aliyekuja mbio na mtoto mgongoni, mtoto analia, na yeye sepe akamshikia kalamu, akamshikia kadi, akasahau kumtia kwenye orodha. Wakampigia simu. Alikuwa tayari kwenye kituo cha taksi-basi. Alirudi kwa miguu, na saa mbili kasoro usiku alisimama mlangoni, mtoto amelala, akanyoosha kidole kidogo chenye wino kwenye mwanga wa simu. Akatia sahihi mbele ya jina lake, na pembeni tukaandika saa na sababu, na mashahidi wote wakatia sahihi zao kwenye maelezo hayo.

Hati ya matokeo ilisainiwa na mshindi, halafu na shahidi wa aliyeshindwa. Aliomba aisome yote kwanza, kurasa tatu. Tulimsubiri.

Siku hizi nafundisha. Wiki iliyopita sepe mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata barazani na rasimu ya kanuni zao, akaniuliza kama masharti nane si mengi mno. Nikamuuliza kama madosie yamekwisha anza kupokelewa.

"Hapana, mwalimu. Tunabandika Jumatatu, tunafungua Alhamisi."

Nikakaa naye kwenye ngazi, tukaanza na sharti la kwanza.